Kabla hamjatuletea mradi mwingine, tupimieni viazi kwa kilo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako, na kama barua itakuwa ndefu naomba unisamehe, jambo lenyewe limenikaa moyoni miaka mingi. Mimi ni mama wa watoto wanne, nalima viazi mviringo huku Umalila, Mbeya Vijijini, kule juu unapopandisha kutoka Mbalizi kuelekea Ilembo, na kwenye kikoba chetu cha akina mama ndo mimi mweka hazina. Nimeandika kwasababu kila nikifungua redio au nikienda mkutano nasikia umaskini wa vijijini utaisha watu wakijituma, wakibadilika kifikra, wakipewa elimu ya ujasiriamali. Mimi nasema hapana. Watu wa huku wanajituma mpaka migongo imepinda. Saa kumi na moja alfajiri, baridi inauma na ukungu hauoni hatua tano mbele, mtu yuko kwenye tuta na jembe. Hela ya huku inapotelea pengine kabisa, inapotelea kwenye mdomo wa gunia.

Nazungumzia lumbesa, lile gunia linalojazwa kupita kipimo. Watu wa mjini mnaijua kwa jina tu, ngoja niwaelezee inavyofungwa, mimi nimesimama pale na kuiangalia msimu baada ya msimu. Mnunuzi anakuja na magunia yake na vijana wake. Gunia lenyewe lina kipande cha gunia lingine kimeshonewa juu ili liwe refu. Wanamimina viazi, wanalinyanyua na kulipiga chini, wanasindilia, wanamimina tena, wanapiga tena chini. Likijaa, hapo ndo kazi inaanza, maana kijana anachuchumaa anachagua viazi vikubwa kimoja kimoja na kuvipanga kuzunguka mdomo kama fundi anavyopanga tofali, safu juu ya safu, alafu anachukua sindano na kamba ya manila anasuka wavu juu yake mpaka linasimama na kilemba. Likikamilika linafika kifuani kwangu na wanaume wanne wanalibeba wakigugumia. Mnunuzi anaandika kwenye daftari, gunia moja.

Sheria ya Vipimo ipo tangu 1982. Gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100, hilo hata mtoto wa darasa la saba huku analijua. Viongozi wamelipiga marufuku lumbesa mara nyingi sana, kwenye majukwaa, kwenye redio, na tunashukuru kwa kusema. Lakini lori la Fuso likija shambani na wewe una ada ya mtoto inadaiwa, na viazi vimeshachimbwa viko juani vinaanza kugeuka kijani, unamwambiaje mnunuzi apunguze? Nilijaribu mara moja. Nikamwambia kijana, mwanangu, hebu tupime kwa kilo. Akanijibu kwa heshima tu, "Mama yangu, mimi sina mizani, nikikataa hili boss wangu anaenda kijiji cha pili, we utabaki na viazi vyako." Na kweli hakuwa na mizani. Sikuwa nayo na mimi.

Jambo lililonifungua macho ni pareto. Huku Umalila tunalima pareto pia, na maua yakishakauka unayapeleka kwenye kituo yanapimwa, unaambiwa kilo zako ngapi, unalipwa. Wenzetu wa Mbozi kahawa yao inapimwa kwa kilo. Rungwe wanapeleka majani mabichi ya chai, kilo. Parachichi la Njombe na Rungwe, kilo. Maziwa ni lita. Hata nyama buchani mtu ananunua robo kilo na anakodolea macho mshale. Sasa kwanini kiazi, zao linalolisha chipsi za Dar es Salaam nzima na lingine linavuka Tunduma kwenda Zambia, ndo liuzwe kwa kukisia? Nimeuliza hilo swali kwa wakubwa kadhaa na hakuna aliyenipa jibu la kueleweka.

Basi siku moja, ni msimu wa mvua wa mwaka juzi, tukamwomba jamaa anayekusanya pareto atuazime mizani yake ya kuning'iniza. Tukaitundika kwenye mti pembeni ya njia. Gunia zima la lumbesa huwezi kulitundika pale, tawi litavunjika, kwahiyo tukalifumua tukamwaga viazi chini kwenye turubai na kuvigawa kwenye magunia matatu. La kwanza kilo 46. La pili 51. La tatu 44. Nikajumlisha kwenye kiganja kwa kalamu, nikarudia tena nikidhani nimekosea. Kilo 141. Watu kama ishirini wamesimama pale, hakuna aliyesema kitu. Alafu bibi mmoja jirani yangu, mjane, ambaye amelima viazi tangu mimi sijazaliwa, akauliza taratibu, "Na miaka yote ile?" Hakuna aliyeweza kumjibu. Mpaka leo nikikumbuka ile sauti yake machozi yananilenga.

Msimu ule mimi niliuza gunia 38. Kama zote zilikuwa hivyo, kilo 41 juu ya zile 100, na nina uhakika zingine zilizidi, basi kilo 1,558 ziliondoka shambani kwangu bila kuhesabiwa, ni zaidi ya gunia 15 za halali. Na mbolea nilinunua, dawa ya ukungu nilipuliza kila baada ya siku chache maana mvua haikukata, vibarua wa kuchimba niliwalipa kwa zote, za juu ya gunia na za ndani ya gunia. Mwanangu wa pili alirudishwa nyumbani mara mbili mwaka ule kwa michango. Mtu akiniambia mimi ni maskini kwasababu sina elimu ya biashara namwonyesha zile namba tatu, 46, 51, 44.

Sasa nisieleweke vibaya, sisemi miradi ni mibaya. TASAF, ule mfuko wa serikali unaozipa kaya maskini hela, imesaidia kaya nyingi hapa kijijini, huyo bibi niliyemtaja hela ile ndo inamnunulia sabuni, chumvi na dawa ya miguu, asingekuwa nayo sijui. Mbolea ya ruzuku iliyozinduliwa hapa Mbeya kwenye Nane Nane ya 2022 ilitupumzisha, kwasababu kabla ya hapo bei ilikuwa imepaa mpaka watu wanapanda viazi bila mbolea kabisa. Lakini angalia inavyokuwa, serikali inatoa hela kupunguza bei ya mbolea ili mkulima avune zaidi, mkulima anavuna zaidi, na kile cha zaidi kinapanda juu ya gunia kama kilemba. Ruzuku inapitia kwangu inaishia kwenye Fuso. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18 ulisema nchi nzima walio chini ya mstari wa umaskini ni asilimia 26.4, vijijini ni asilimia 31.3. Mimi nikiziona hizo namba najiuliza tu ni wangapi kati yao wanauza kwa gunia.

Kilichofuata ndicho hasa kilichonifanya niandike, maana watu wanasema wanakijiji hawawezi kujiletea maendeleo mpaka aje mfadhili.

Tulipeleka hoja kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ule unaotakiwa kufanyika kila miezi mitatu. Mwenyekiti mwanzoni aliogopa, akasema wanunuzi watatususa, na hapo alisema kweli kama nitakavyoeleza. Tulibishana kuanzia saa nne asubuhi mpaka jua linaelekea kuzama. Vijana walitaka tufunge barabara, wazee wakakataa, wakasema ukifunga njia unajifungia mwenyewe. Mwisho likapita hili: tununue mizani yetu, na viazi vyote viuzwe sehemu moja siku mbili kwa wiki, mnunuzi asiingie shambani. Kaya 96 zikatoa elfu sita sita, ikapatikana 576,000. Mizani ya kuweka chini inayopima mpaka kilo 300 ilichukua laki nne na nusu, iliyobaki ikaenda kwenye usafiri, ukaguzi, na misumari.

Misumari ni ya ghala. Kijijini tunalo ghala la zamani la ushirika, kuta nzima kabisa za tofali za kuchoma, ila bati zilishaoza na mbuzi walikuwa wanalala humo. Wazee wanakumbuka lilivyokuwa likijaa, kabla vyama vya ushirika havijavunjwa mwaka 1976, na viliporudi miaka ya themanini hili letu halikuwahi kuinuka tena. Tulilisafisha wenyewe kwa siku tatu. Wanawake tulibeba maji na mchanga, wanaume wakapanda juu, anayetoa bati anatoa bati, asiyekuwa nalo anatoa siku yake. Mle ndani tukakuta mbao ndefu ya meza ya karani bado ipo, imechimbika mahali mizani ilipokuwa inakaa. Kumbe babu zetu walikuwa wanapima!

Msimu wa kwanza ulikuwa mgumu, siwezi kudanganya. Mafuso yalipita pale ghalani yakaenda moja kwa moja kijiji cha jirani ambako bado wanaikubali lumbesa. Wiki ya kwanza hatukuuza hata kilo. Wiki ya pili vivyo hivyo. Viazi vingine vikaanza kuoza, na baadhi ya wenzetu wakawa wanauza usiku kwa njia za nyuma, na mimi siwalaumu, kuna mmoja alikuwa na mtoto amelazwa. Nilikuwa silali. Nilikuwa najiambia nimewaponza watu wote hawa. Alafu akaja mnunuzi mmoja ambaye anapeleka Tunduma, na yeye akasema wazi kwamba kule anakouzia wanapima kwahiyo kwake kilo sio shida, ila atatoa 400 kwa kilo.

Hapa kuna watu watasema mbona hamna tofauti, mkipunguza gunia na yeye anapunguza bei. Ni hoja ya kweli na nataka niijibu vizuri. Lumbesa ile ya kilo 141 tuliiuza elfu 55, ukigawanya ni kama shilingi 390 kwa kilo. Kwahiyo 400 aliyoanza nayo ilikuwa karibu ile ile. Lakini tofauti yenyewe ni kwamba sasa tulikuwa tunabishana juu ya namba moja. Zamani ukishikilia bei, anaongeza kilemba, ukibana kilemba anashusha bei, yeye ana kamba mbili mkononi na wewe huna hata moja. Safari hii tulipiga simu Mbalizi, tukapiga Uyole, tukauliza kilo inakwendaje leo, tukamrudia, tukakubaliana 460. Na redio inapotangaza bei ya gunia la kilo 100 sokoni mjini sasa inatusaidia, kwasababu na sisi tunaongea kilo, zamani tulikuwa tunasikiliza bei ya gunia ambalo sio letu. Wiki mbili baadae walikuja wengine watatu.

Katika kila kilo inayopita kwenye mizani kijiji kinakata shilingi kumi, mkutano ndo ulipitisha. Msimu uliopita zilipita kilo 64,300, ikawa 643,000. Kila Ijumaa jioni hesabu inaandikwa kwa chaki kwenye ubao nje ya ghala, kilo za leo, hela ya leo, jumla, na karani wa mizani hawi mtu mmoja zaidi ya mwezi. Hilo la ubao ndo naliona kubwa kuliko hata mizani. Huku tumechangishwa sana jamani, michango ya darasa, michango ya zahanati, ya barabara, na mara nyingi hela ikishatoka mfukoni huisikii tena, boma linabaki boma mpaka linaota nyasi, watu wanakata tamaa alafu wanaitwa wavivu wasiopenda maendeleo. Sasa hivi mtu anapita ubaoni anasoma. Asiyejua kusoma anasomewa na mtoto. Zile 643,000 tulinunua saruji mifuko 30 na iliyobaki nondo, na nyumba ya muuguzi ambayo ilikuwa imekwama kwenye msingi sasa imefika kwenye lenta. Hakuna aliyekuja kutusukuma.

Nina maombi machache na nayatoa kwa heshima kwa wanaohusika.

La kwanza na ndo kubwa, halmashauri zote za nyanda za juu kusini, ushuru wa viazi hesabuni kwa uzito. Sasa hivi kila kitu kwenye njia ya kiazi kinahesabiwa kwa gunia, nauli ya Fuso ni kwa gunia, kuli analipwa kwa gunia, na pale kwenye geti la ushuru la halmashauri wanahesabu magunia. Kwahiyo mfanyabiashara naye ukimwangalia sio shetani, yeye anaona gunia likiwa kubwa gharama yake inapungua kila kituo, mtu yeyote angefanya hivyo. Ushuru wa mazao ya chakula ulishushwa mwaka 2017 ukawa asilimia 2 ya bei. Sasa kama gunia la kilo 141 linahesabiwa kama la kilo 100, halmashauri nayo inaibiwa pamoja na sisi, na ndo hiyo hiyo inayosema haina hela ya kuezeka madarasa. Wekeni mizani getini. Siku kilemba kitakapolipiwa ushuru wake na nauli yake, kitavuliwa na mwenye gunia mwenyewe bila polisi.

La pili ni wenzetu wa vijiji jirani, na hapa nasema na ndugu zangu wa Santilya na Isuto, na Makete, Njombe, Kilolo, kokote kunakolimwa viazi. Kijiji kimoja kikikataa lumbesa peke yake kinaumia, tumeona kwa macho yetu. Tukikataa kata nzima, Fuso haina pa kukimbilia. Mwaka huu vijiji viwili vya jirani wameshatuma wajumbe wao wakae na sisi ghalani, na kimoja kimeanza kuchangisha.

La tatu ni mikopo ya asilimia 10, ile halmashauri inayotoa kwa vikundi kutoka kwenye mapato yake. Ile ya wanawake 4, vijana 4, wenye ulemavu 2. Ilisimamishwa 2023 na ikarudi, tunashukuru. Vijana wetu waliomba wakopeshwe wanunue mizani ya pili na toroli za kutolea viazi mashambani, wakaambiwa na ofisi moja ambayo sitaitaja kwamba mizani sio mradi wa uzalishaji, waombe kwa ajili ya kuku. Wamerudishwa mara tatu, kila mara nauli ya kwenda na kurudi, mara picha, mara muhuri, mara katiba ya kikundi ina kosa ukurasa wa nne. Naomba wanaopitisha haya maombi waje wakae nusu siku tu kwenye mizani waone kinachozalishwa pale.

Na barabara, hilo nalipitia haraka kwasababu kila mtu analijua. Mvua ikinyesha Machi Fuso inakwama, siku tatu nne, na mnunuzi akijua viazi vyako haviwezi kutoka anakupangia bei yake. TARURA, wale wakala wa barabara za vijijini na mijini, wamefanya sehemu fulani na imesaidia, ile kona ya mteremko wa utelezi bado. Tupo tayari kuvunja mawe wenyewe, tunachohitaji ni mtaalamu aje atuonyeshe mitaro ipite wapi.

Yule bibi jirani yangu msimu huu alileta viazi vyake ghalani mwenyewe, debe debe, mjukuu anamsaidia na baiskeli. Alisimama mbele ya mizani mpaka namba ikatulia, akaniuliza inasema ngapi, nikamwambia bibi, ni 73. Akasema niandikie kwenye karatasi. Nikamwandikia, akaikunja akaiweka kwenye pindo la khanga yake akaifunga fundo.

Viazi vya mvua vinaanza kuchimbwa wiki chache zijazo. Ghala linafunguliwa Jumanne na Ijumaa kuanzia saa moja asubuhi, mizani imekaguliwa na Wakala wa Vipimo na ina muhuri wa mwaka huu, na daftari liko wazi kwa yeyote. Kijiji chochote kinachotaka kuja kuona tunavyofanya kije, chakula kipo, na mkija msimu wa baridi bebeni makoti.

Mama mkulima wa viazi,
Umalila, Mbeya Vijijini.